Yeye Wawili

Siku ya tatu ya kilio cha Maman Bora, binti yake Bora alinivuta kando ya wanawake waliokaa kwenye mikeka, akanipa kitu kilichoviringishwa katika kipande cha kitambaa cha suruali. "Hii ilikuwa mu tiroir ya mashini," akasema, yaani ndani ya droo ya cherehani. "Maman alisema siku atakwenda, tukupe weye." Nilijua ni nini kabla sijafungua, kwa uzito wake tu. Kilikuwa kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada wala jina, ambacho sikuwa nimekigusa kwa zaidi ya miaka arobaini. Nilikiweka chini ya kiti bila kukifungua, kwa sababu watu walikuwa wakinitazama, au nilidhani wananitazama. Tabia hiyo ya kudhani natazamwa niliipata katika nyumba hiyohiyo ya mtaa wa Cimpunda, Bukavu, mwaka ule serikali ilipotuvua majina ya ubatizo, nami nikaacha kuitwa Bernadette nikawa Nsimire. Nilikuwa na miaka ishirini. Sasa magoti yananiuma nikishuka kilima cha Kadutu, na bado sikai mahali nikaupa mlango mgongo.

Nilipanga kwa Maman Bora chumba cha nyuma, lakini maisha yetu yalikuwa katika chumba cha mbele, palipokuwa na cherehani yake, meza, viti vinne na dirisha moja. Alikuwa mjane na fundi wa nguo. Bora alikuwa internat, shule ya bweni, akija likizo tu, kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu sisi wawili. Mwaka ule Maman Bora hakukosa kazi, maana tai na makoti ya kizungu yalipigwa marufuku, na kila karani wa Bukavu alitaka abacost, lile koti la kola fupi. Alipima watu kwa utepe, akaandika vipimo juu ya pakiti tupu za sigara kwa kipande cha penseli alichokichomeka katika kilemba. Herufi alifundishwa kwenye katekisimu, na masomo yake yaliishia hapo. Mimi nilikuwa dactylo, mpiga chapa, katika ofisi moja mjini. Nilikuwa nimetoka lycée, shule ya sekondari, na Kifaransa changu kizima kama kiatu kipya, na nilihakikisha kila mtu anakisikia kikilia. Ninakiri kwamba nilimpenda Maman Bora huku nikimdharau kidogo. Alinipikia mboga ya lenga-lenga, Jumapili akanitolea sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, akanichagulia hata vipande vya bugali visivyoungua, nami nilikula na kumsahihisha kila alipotamka neno la Kifaransa.

Kitabu kililetwa na Byamungu. Alikuwa professeur wa Kilatini, mrefu, mpole, mwenye kucheka kabla ya kumaliza sentensi, na mtaa mzima ulijua kwamba hakuja kwetu kila Jumapili kwa ajili ya kupimwa suruali. Yeye mwenyewe alikuwa hajasema neno. Kitabu alikikuta soko la Nyawera kwa muuza karanga, aliyekuwa amekwisha kuchana jalada na kurasa kumi na moja za mwanzo kufungia karanga zake. Hatukujua mwandishi ni nani, wala kitabu kinaitwaje. Hadithi yenyewe ilianza katikati ya sentensi. Mtu mmoja anafika katika mji wenye ukungu, karibu na ziwa, kununua mlango wa nyumba yake. Anapoufungua dukani kuujaribu, anamwona upande wa pili mwanamke akinywa kitu katika kikombe. Anavuka; mwanamke ameshaondoka, kikombe kingali cha moto. Basi anaubeba mlango ule mgongoni na kuzunguka nao mji mzima. Anausimamisha uwanjani, sokoni, makaburini, anaufungua, na kila mara mwanamke ametoka sasa hivi. Barabara zinahama. Nyumba aliyolala jana anaikuta leo ng'ambo ya maji. Nyumba yake mwenyewe ameshaisahau. Hakuna mwenye jina katika kitabu kizima: ni yule mtu na yule mwanamke, basi.

Byamungu aliniomba nikisome kwa sauti, nikigeuze Kiswahili, ili Maman Bora naye afaidi. Aliniwekea sharti moja: nisichungulie mbele. "Hii kitabu ni kama ngazi," alisema, "ukiruka, unavunjika." Tukawa tunasoma Jumapili baada ya misa ya pili, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya mwanga. Kwa sababu mlango ulikuwa wazi, Tonton Mugisho naye akaingia. Huyu alikuwa shemeji yake Maman Bora, ndugu wa marehemu mumewe, na alikuwa mkubwa wa cellule, shina la chama, katika mtaa wetu. Alikaa kiti cha karibu na mlango, kofia magotini, na mfukoni alikuwa na carnet, daftari ndogo. Wakati mwingine, katikati ya sentensi yangu, aliitoa akaandika neno moja, akairudisha. Hakuna aliyethubutu kumuuliza ameandika nini. Mimi nilipoteza mstari kila nilipoona mkono ukienda mfukoni.

Jumapili ya tatu, nilikuwa nikisoma mahali yule mtu anapanda kilima na mlango wake wakati wa mvua. Maman Bora akasimamisha mguu kwenye cherehani, akavuta pumzi. "Huyu mwanamuke iko na nguvu," akasema. "Kubeba mulango kwa mugongo, na mvua hii, juu ya bwana tu!"

Byamungu akacheka. "Hapana, maman. Ni bwana njo anabeba mulango. Mwanamuke njo anatafutwa."

"Bwana? Tangu siku gani?"

"Tangu mwanzo."

"Nsimire alisema anamufuata. Anamufuata, anamukosa, analia. Mi nilijua ni bibi anafuata bwana yake. Bwana njo banakimbiaka, si bibi."

Tonton Mugisho akainua kidole. "Ninyi wote munakosa. Hawa wawili wote banafuatwa. Kuko mutu wa tatu. Njo maana hana jina. Mutu bila jina, bila carte ya kitambulisho, anajua saa mwenzake anatoka ku nyumba: huyo ni mutu wa service, mupelelezi." Kisha akanigeukia mimi. "Na mwandishi, juu ya nini alijitoa jina lake?"

"Jina lilifunga karanga, tonton," nikasema.

"Njo ile munaambiwa," akajibu, na carnet ikatoka.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba kwa Jumapili tatu tulikuwa tumekaa chumba kimoja tukisikia hadithi tatu. Kosa lilikuwa langu na la lugha yetu. Pale Kifaransa kilipotofautisha mwanamume na mwanamke, mimi nilisema tu "yeye", "anamufuata", "akamukosa", na kila mtu akamweka kwenye neno hilo mtu wake aliyekuwa naye moyoni. Baadaye sana ndipo nilipokumbuka kwamba mumewe Maman Bora alikwenda kutafuta dhahabu Kamituga, na kwamba yeye alimfuata huko mara mbili kwa miguu, na mara ya pili alikuta kaburi. Byamungu alichukua chaki ya fundi akaandika juu ya meza: *il*, *elle*. "Kifaransa iko na yeye wawili," akaeleza. "Moja ya mwanaume, moja ya mwanamuke."

"Na siye tuko na moja tu?" Maman Bora akauliza.

"Moja inatosha," Tonton Mugisho akasema.

"Haitoshi," Maman Bora akasema kwa ukali ambao sikuuzoea. "Unionyeshe ule ya mwanamuke." Byamungu akamfungulia kitabu, akamwekea kidole chini ya neno. Maman Bora akaliinamia kama tundu la sindano, akasoma herufi moja moja. "E, le, le, e. Ni fupi hivi? Na iko mara mingi?"

"Iko kwa kila page, maman."

Mimi nilikuwa nimeshachoka kusubiri niendelee kusoma.

Kuanzia siku ile Jumapili zetu zilikuwa na ubishi kuliko kusoma. Byamungu alishikilia kwamba ile ilikuwa ndoto, na ndoto haiulizwi carte yake. Kwamba yule mtu hampendi mwanamke hata kidogo, anaupenda mlango. Maman Bora alitaka jambo moja: kujua kama mwanamke atafika mwisho akiwa hai. Aliuliza kila mara, nami nilimjibu kwa lugha ya lycée kwamba kitabu cha namna hiyo hakiulizwi hivyo. Mimi mwenyewe kitabu kilianza kunitisha, wala sikumwambia mtu. Kwa mchana nilipiga chapa barua zenye muhuri wa siri, nikiambiwa nisikumbuke nilichoandika. Nikirudi nyumbani nilikuta habari za mtaa zimemfikia Tonton Mugisho kabla hazijatokea. Usiku nilisikia mlango wa yule mtu ukisimamishwa nje ya chumba changu. Na Jumapili moja Byamungu aliniambia, akicheka kama kawaida yake, "Jeudi ulivaa ile kikwembe ya kijani. Inakufaa." Alhamisi sikuwa nimekutana naye. Nilimuuliza aliniona wapi. Akasema alikuwa ndani ya gari, camionnette moja, akapita. Jibu lilikuwa la kawaida kabisa, lakini tangu hapo nilianza kuhesabu. Amejuaje kwamba nilikuwa na homa? Kwa nini alipita barabara ya ofisi yetu, wakati shule yake iko upande mwingine? Tonton Mugisho alinikuta siku moja kisimani, akaniinamia sikioni. "Muchungage huyo professeur. Mutu anapenda kitabu bila kichwa, yeye mwenyewe kichwa yake iko wapi? Kikulacho ki nguoni mwako, binti." Nilimchukia kwa maneno hayo, na niliyaamini.

Katikati ya mwaka nilikwenda Kamanyola kwenye arusi ya rafiki yangu wa lycée, nikakaa huko wiki nzima kwa sababu mvua iliharibu barabara. Niliporudi, Maman Bora aliniambia Byamungu alikuja akaomba kitabu, akakaa nacho siku mbili, akakirudisha. Jumapili asubuhi, kabla ya misa, nilikifungua kuandaa kurasa za siku ile. Tulikuwa tumefika karibu nusu. Nikageuza ukurasa mmoja na kuona mstari wa penseli chini ya neno *elle*. Nikaona mwingine chini yake. Nikageuza ukurasa wa pili, wa tatu, wa sita: kila *elle* ilikuwa na mstari, mfupi, mweusi, uliokandamizwa mpaka karatasi imebonyea. Hakuna neno jingine lililoguswa. Nilimwona mtu aliyekaa peke yake siku mbili na penseli, akimtafuta mwanamke ukurasa kwa ukurasa, akimwekea alama kila mahali alipopita. Nilisema moyoni: basi yule mtu wa mlango ni huyu, na *elle* ni mimi. Sikutazama zaidi ya kurasa hizo sita. Mwenye hofu hahitaji ushahidi mwingi.

Byamungu alikuja saa zake, na abacost mpya aliyoshonewa na Maman Bora, na sambaza katika jani la ndizi. Nilimsimamisha mlangoni. Maman Bora alikuwa nyuma, akipuliza makaa ya pasi.

"Ni weye uliandika mu kitabu?" nikamuuliza.

Uso wake ulibadilika. Akatazama chini, akatabasamu kama mtoto aliyekutwa na sukari. "Ni miye," akasema. "Kumbe uliona. Nilikukataza kuangalia mbele, na ulifika kule." Akangoja. "Basi, unasema nini?"

Nilishangaa kwamba mtu anaweza kuuliza hivyo bila haya. "Ninasema hapana," nikajibu. "Na usirudi tena hapa. Usinifuate tena, hata barabarani."

Alisimama. Mkono wenye sambaza ulibaki umenyooka kati yetu. Nilingoja ajitetee, akane, akasirike, nipate kuwa na hakika zaidi. Hakufanya lolote kati ya hayo. "Aksanti kwa kuniambia wazi, citoyenne," akasema, akaweka jani la ndizi kizingitini, akashuka kilima. Hakuwa amewahi kuniita citoyenne, yaani mwananchi, neno la serikali, isipokuwa kwa utani.

Maman Bora alitoka na pasi mkononi. "Byamungu iko wapi? Na kitabu?" Nikamwambia kitabu kimekwisha. Akaniuliza mara tatu kama kweli kimekwisha, na yule mwanamke je? Nikamjibu vibaya. Nilisema kitabu si cha mafundi wa nguo. Aliweka pasi chini, akaokota sambaza, akawakaanga, wala hakuniuliza tena. Mwisho wa mwaka wa shule Byamungu aliomba kuhamishwa, akapelekwa kufundisha Sange. Tonton Mugisho alipita Jumapili moja akasema "Nilikuambia", na hiyo ndiyo Jumapili yangu ya mwisho ya kukaa chumba cha mbele. Nilitafuta chumba Ibanda. Kitabu nilikiacha juu ya cherehani, kama mtu anavyoacha nguo ya mgonjwa.

Sina la kulalamikia katika yaliyofuata. Niliolewa na mtu mwema, nikalea watoto, nikamzika mume kwa heshima. Byamungu aliishi na kufundisha Sange, akapata familia, akafa huko. Habari zake nilizipata zikiwa zimepoa. Kwa miaka yote hiyo, kila hadithi hiyo iliponijia, nilijisimulia kwamba niliponea chupuchupu. Niliwasimulia hata binti zangu, kuwaonya: kuna wanaume wanaopiga mstari chini ya mwanamke.

Jioni ya siku ile ya tatu, watu wengi waliporudi makwao, Bora aliniletea chai akakaa karibu yangu katika chumba kilekile. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Nikamuuliza kwa nini mama yake alikihifadhi kitabu.

"Alikuwa anakisoma," Bora akasema.

"Maman yako hakujua Kifaransa."

"Hakujua. Alikuwa anamutafuta ule mwanamuke. Alisema ulikatala kumuambia kama alifika ku mwisho, njo ile wiki ulienda Kamanyola, Byamungu amesharudisha kitabu, akaanza kumutafuta yeye mwenyewe. Alianzia ku page ya mwisho, anarudi nyuma, na ile penseli yake. Ile wiki alifika katikati; kiisha, kila siku ya mungu kidogo. Alimalizia ku mwanzo, nikiwa nimeshaolewa."

Nilikikunjua kitambaa na kufungua kitabu palepale nilipokifungulia miaka ile, kwenye zile kurasa sita. Mistari ilikuwapo, mifupi, imekandamizwa. Nikageuza wa saba, ambao sikuwahi kuufikia. Hapo yule mtu anapita mbele ya kanisa dogo, *chapelle*, na chini ya herufi nne za mwisho za neno hilo palikuwa na mstari. Nikageuza tena. *Échelle*, ngazi: mstari chini ya herufi nne. *Ruelle*, kichochoro. *Vaisselle*, vyombo. *Nouvelle*. *Appelle*. Popote herufi hizo nne zilipokaa pamoja, ndani ya neno lolote, Maman Bora alikuwa amemwona mwanamke wake, akamwekea alama. Alimkuta kanisani, juu ya ngazi, kichochoroni, katikati ya vyombo vichafu. Hakuna professeur wa Kilatini duniani angeweza kupiga mistari ile. Mtoto wa shule angelijua hilo. Mimi nilikuwa na Kifaransa changu kizima, na nilikuwa umbali wa ukurasa mmoja kulijua.

Nililia, na Bora alidhani ninamlilia mama yake, akanishika bega. Nilimwonea Byamungu. Nilimwonea bila kumfungulia kitabu usoni na kusema, hii ni nini? Nilimshuku kila mtu katika nyumba ile, Tonton Mugisho, jirani, kivuli changu, lakini sikumshuku Maman Bora hata siku moja, kwa sababu sikuamini kwamba mtu wa penseli kichwani angeweza kutaka kitu kutoka ndani ya kitabu. Huko ndiko kumdharau mtu kulikonifikisha.

Lakini Byamungu alisema "ni miye". Hilo lilibaki. Alikubali ameandika. Nikakigeuza kitabu upande wa nyuma, ambako nilikatazwa kutazama, na ambako yeye alidhani nimeshatazama.

"Ule mwanamuke," Bora akauliza, "anafika ku mwisho?"

"Anafika," nikamwambia. Alikuwapo kwenye mstari wa mwisho kabisa, anakaa, anakunywa, na neno lake lilikuwa limepigiwa mstari mara mbili. Chini ya hapo ukurasa ulikuwa mtupu, isipokuwa mwandiko mdogo wa penseli, uliolala kidogo, mwandiko wa mtu aliyezoea kusahihisha madaftari: *Livre de Byamungu et de Nsimire, si elle veut.*

Bora aliniomba nimgeuzie. Nikasema, "Kitabu cha Byamungu na Nsimire, kama yeye anapenda."

"Yeye nani?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa kidole. Mama yake alikuwa ameshalifikia neno hilo kabla yangu, akalipigia mstari kama mengine yote.